Upepo wa Causse Méjean: kukamilisha mzunguko au kurudi kwa njia mliyojia

Watu sita wamepanda kutoka kijiji cha Le Rozier, kusini mwa Ufaransa, mpaka juu ya uwanda wa Causse Méjean. Ni wiki ya tatu ya Oktoba, saa saba mchana. Njia waliyopanga ni ya mzunguko: kupanda kwa upande wa mto Jonte, kufika kitongoji cha Cassagnes kilicho juu ya uwanda, kisha kushuka kwa upande wa mto Tarn hadi kijijini walikoacha gari. Nusu ya kwanza imekwisha salama. Sasa upepo wa kaskazini-magharibi umekaza, na nusu iliyobaki ndiyo inayoukabili. Waendelee, au warudi walikopitia?

Nilikuwa mmoja wa hao sita. Wengine ni dada yangu anayeishi Montpellier, wanawe wawili wa miaka 12 na 9, rafiki yake wa kazini aliyezoea kupanda miamba, na mjomba wetu aliyekuja kututembelea kutoka Tanga, mtu mzima wa miaka sitini na kitu aliyelima maisha yake yote na ambaye miguu yake haijachoka. Hakuna aliyeumia siku ile. Nimeamua kukichambua kisa hiki kwa sababu maelezo mengi ya matembezi ya namna hii hutaja kilomita na mandhari, halafu yananyamaza kuhusu jambo linaloamua siku nzima, yaani umbo la ardhi likikutana na upepo.

Kwanza ardhi yenyewe. Eneo hili la Ufaransa lina nyanda nne kubwa za mawe ya chokaa zinazopakana: Sauveterre, Méjean, Noir na Larzac. Zamani zilikuwa tandiko moja. Mito imezikata kwa muda mrefu mno hadi kila moja imebaki imesimama peke yake, imezungukwa na makorongo. Méjean iko katikati ya Tarn na Jonte. Sehemu yake kubwa iko kati ya mita 800 na 1,200 juu ya usawa wa bahari, na kilele chake, Mont Gargo, kina mita 1,247. Kingo zake hazishuki taratibu. Zinakatika ghafla kwa kuta za mwamba, na chini mto uko mita 400 hadi 500. Le Rozier imekaa kwenye ncha ya magharibi kabisa, pale Jonte inapoingia Tarn. Anayepanda kutoka hapo anapanda puani mwa uwanda, na upande wake mmoja ni korongo la Jonte, wa pili ni korongo la Tarn.

Umbo hili linageuza desturi ya mlima. Kwenye mlima wa kawaida upepo unaongezeka kidogo kidogo kadiri unavyopanda, na kileleni unafika, unatazama, unashuka. Hapa unapanda ukiwa umekingwa na kuta na miti, jasho linakutoka, unavua sweta. Kisha unavuka ukingo na mambo yanabadilika kwa hatua chache tu. Umeshafika juu, lakini juu hapo ni pana, hapana mwisho wa kugusa na kurudi, na njia bado inakutaka uvuke na kushuka kwingine. Ugumu umewekwa mahali ambapo mwili unadhani kazi imekwisha. Kwa maoni yangu, anayepanga safari ya hapa aanze kwa kujiuliza hali itakuwaje pale juu saa saba mchana, kisha arudi nyuma kupanga kupanda. Wengi hupanga kinyume.

Utabiri tuliousoma jioni iliyotangulia ulisema hivi: asubuhi shwari, mchana upepo wa kaskazini-magharibi, na mapigo yake kwenye miinuko yafike kilomita 60 kwa saa. Mvua hakuna. Jua lingezama kabla kidogo ya saa moja jioni. Hapo ndipo mjadala wa kweli ulipoanza, mezani, ramani ya vipimo vya 1 kwa 25,000 ikiwa imetandazwa kati ya vikombe vya chai.

Dada alitaka tuanze na Tarn. Hoja yake ilikuwa nzito. "Kaka, upepo unakuja mchana. Upande wa Tarn unatazama magharibi, huo ndio utakaopigwa. Tuumalize asubuhi kukiwa shwari, mchana turudi kwa Jonte tukiwa tumekingwa." Ukiitazama saa peke yake, hoja hiyo haina jibu. Nami nilikaribia kuikubali.

Rafiki yake alipinga kwa mambo mawili. La kwanza, upande wa Tarn asubuhi ya Oktoba uko kivulini. Jua haliufikii mapema, mwamba una umande, na vijia vyake vina mahali pa kupita ukingoni kabisa. La pili lilikuwa zito zaidi: hatukuwa tumewahi kuwaona watoto wakitembea kwenye kingo, wala Mjomba. Tukianza na Tarn, tungewajaribia mahali pagumu kuliko pote, na kama upepo ungewahi kuja tukiwa njiani, kurudi nyuma kungekuwa kurudi kwenye ukingo uleule unaopigwa. Tukianza na Jonte, upande unaotazama kusini, tungefika juu tukiwa na ushahidi mkononi: watoto wametembeaje, Mjomba anapumuaje, upepo una nguvu gani. Na tukilazimika kurudi, njia ya kurudi ingekuwa tunayoijua, na imekingwa.

Nimezitafakari hoja hizi mbili mara nyingi tangu siku ile, na nadhani zinagusa jambo ambalo watu wa njia za mzunguko hawalisemi vya kutosha. Mwelekeo wa kuzunguka si suala la mandhari tu. Ndio unaoamua ni nusu ipi itakuwa bado haijulikani wakati taabu ikikukuta. Kwa kundi la watu wazima wanaojuana miguu, mpango wa Dada ni bora. Wangetoka alfajiri na kumaliza Tarn kabla upepo haujaamka. Kwa kundi lenye mtoto wa miaka tisa na mgeni aliyefika Ulaya siku chache zilizopita, mpango wa rafiki yake ndio uliofaa, kwa sababu ulituachia mlango wa nyuma wazi. Tulikubaliana hivyo, na tukaweka masharti mapema: tukifika Cassagnes baada ya saa saba na nusu, tunarudi. Na tukiwa bado uwandani, mahali ambapo hapana pa kuanguka, mtu yeyote akisimama wima na upepo ukamlazimisha kusogeza mguu ili asiyumbe, hatuendi ukingoni.

Sharti hilo la pili ni la rafiki, na nalipenda mno. Halihitaji chombo. Mtoto analielewa.

Tuliondoka saa tatu asubuhi. Njia inapanda kwanza hadi Capluc, vijumba vya mawe chini ya jabali lililosimama kama jino, halafu inaingia msituni na kufuata alama za rangi ya njano zilizopakwa kwenye mawe na miti. Anayezijua alama za Ufaransa anajua kwamba mstari mmoja wa njano ni njia fupi ya eneo, na alama ya mkasi, yaani mistari miwili iliyokatana, inakuambia umepotea. Watoto walipewa kazi ya kuzitafuta, wakatangulia. Wafaransa wengi wakikadiria muda huhesabu mita 300 za kupanda kwa saa moja. Sisi tulikwenda polepole kuliko hapo, na ilikuwa sawa.

Upande wa Jonte ulitupa asubuhi ambayo sitaisahau. Miamba ya huko ni chokaa iliyochanganyika na dolomaiti, na maji ya mvua yameila bila usawa, sehemu laini zikaondoka, ngumu zikabaki zimesimama. Minara miwili inayojulikana sana inaitwa Vase de Sèvres na Vase de Chine, myembamba chini na minene juu, mtu akajiuliza inasimamaje. Na juu yake walikuwa wakizunguka tumbusi.

Hapa niseme kidogo, maana Mjomba alisimama akakataa kuondoka kwa muda mrefu. Tumbusi hawa, ambao mabawa yao yakitanuliwa hufikia mita 2.5 na zaidi, walikuwa wametoweka kabisa katika makorongo haya katikati ya karne ya 20, kwa bunduki na sumu. Mwaka 1981 walianza kuachiwa tena hapa Jonte baada ya kazi ya miaka ya kuwafuga na kuwazalisha, na leo kuna mamia ya jozi. Wafugaji wa kondoo ndio washirika wakubwa wa kurudi kwao: mnyama akifa, wafugaji wengi huuweka mzoga mahali maalumu palipoidhinishwa, na ndege wanaumaliza bila gari la kuja kuuchukua. "Kwetu tungewafukuza," Mjomba alisema, "na hawa wamelipiwa warudi." Alifurahi kweli. Kuna jumba la maonyesho yao kwenye barabara ya bondeni, lakini kuwaona wakipita chini ya miguu yako, ukiutazama mgongo wa ndege badala ya tumbo lake, ni jambo jingine kabisa.

Tulifika juu saa saba kasoro robo. Kabla ya hapo, mita chache chini ya ukingo, rafiki alitusimamisha, akatutaka kila mtu avae kila alichobeba. Tulikuwa na jasho, watoto walilalamika. Kijijini asubuhi ilikuwa nyuzi 11. Kwa kila mita 100 za kupanda, hewa hupoa kwa takriban nyuzi 0.6, kwa hiyo juu tulitarajia nyuzi 8 hivi. Lakini nyuzi 8 zikiwa na upepo wa kilomita 50 kwa saa, ngozi huhisi kama nyuzi 3. Mwili uliolowa jasho ndio unaoumia zaidi. Mavazi huvaliwa kabla ya upepo. Ukishafika ndani yake, vidole havifungi zipu.

Tukavuka.

Sehemu ya magharibi ya Méjean ina misonobari. Ni mashariki ambako uwanda unakuwa nyika tupu, majani na mawe hadi upeo wa macho, na ambako pale Le Villaret wanaishi farasi wa Przewalski, aina ya farasi wa mwituni wa Asia, waliofugwa tangu 1993 na wengine kurudishwa Mongolia. Kwa hiyo hatukutoka moja kwa moja kwenye uwazi. Tulisikia upepo kabla ya kuuona. Misonobari mizima, si matawi tu, ilikuwa ikiyumba kutoka shinani. Kwenye kipimo cha Beaufort hiyo ni daraja la 7, yaani kilomita 50 hadi 61 kwa saa. Utabiri ulikuwa sahihi, ila upepo ulikuwa umewahi kwa saa moja hivi.

Cassagnes ni kitongoji kidogo cha nyumba za mawe, na ukuta wake ulituokoa. Tulikaa upande usio na upepo tukala. Nyumba za uwanda huu zinafundisha zenyewe: kwa kuwa mbao zilikuwa adimu, wajenzi waliinua dari za mawe ya tao, wakaezeka kwa mawe bapa mazito ambayo upepo hauwezi kuyachukua. Maji nayo hayakai juu. Mvua inapenya kwenye nyufa za chokaa na kutokea chini kabisa, kwenye chemchemi za makorongo. Ndiyo maana wachungaji walitengeneza mabwawa ya mviringo ya kukusanyia mvua kwa ajili ya kondoo, na ndiyo maana anayepanda hapa abebe maji yake yote. Njia moja ya maji hayo ilionekana kwa macho mwaka 1897, Louis Armand aliposhuka kwenye shimo la wima la mita 75 na kukuta ukumbi wa chini ya ardhi wenye nguzo za mawe ya matone, moja ikiwa na mita 30. Shimo hilo, Aven Armand, liko ndani ya uwanda huuhuu, na watalii huingia humo siku hizi kwa gari la reli. Kondoo wa hapa wanakamuliwa kwa ajili ya jibini, pamoja na Roquefort, na ni ufugaji huo uliofanya UNESCO iziweke Causses na Cévennes kwenye urithi wa dunia mwaka 2011. Mageti yote tuliyopita tuliyafunga. Kwa mfugaji wa huku geti lililoachwa wazi ni hasara ya siku nzima.

Baada ya kula, tulitoka kwenye uwazi kufanya jaribio. Kila mtu alisimama wima, mikono chini. Mtoto mkubwa alisimama. Mjomba alisimama, ameshika kofia. Mdogo alisimama kwa muda, pigo moja likaja, akapiga hatua mbili kando akicheka. Ilikuwa saa saba na dakika chache. Sharti la muda lilikuwa limetimizwa, la upepo halikutimizwa.

Hapo ndipo uamuzi ulipokuwa mgumu, kwa sababu muda ulikuwepo tele. Dada alisema: "Kushuka kwa Tarn ni saa tatu, tuseme nne na watoto. Jua lipo mpaka saa moja kasoro. Tukipita pabaya nitamshika mkono." Alisema kweli kuhusu jua. Lakini jua halikuwa swali. Nguvu ya upepo juu ya mwili huongezeka kwa mraba wa kasi yake: upepo ukitoka kilomita 30 hadi 60, msukumo haujazidi mara mbili, umezidi mara nne. Na upepo wa ukingoni haukai na wastani wake. Unanyamaza, unakufanya uuegemee, kisha unaondoka na kukuacha umeegemea hewa. Mzazi anayemshika mtoto mkono mahali pa namna hiyo amewafanya wawili kuwa mzigo mmoja unaoyumba.

Rafiki alitoa wazo la tatu: yeye na Dada waendelee na Tarn, sisi wanne turudi kwa Jonte, tukutane kijijini. Kwa kuwa njia zote mbili zinaishia mahali pamoja, wazo linavutia, na makundi mengi hugawanyika hivyo. Tuliliacha. Mtu pekee aliyejua huduma ya kwanza vizuri alikuwa huyo rafiki, mtandao wa simu katika makorongo unakatika hovyo, na namba 112, ambayo ndiyo ya dharura Ulaya nzima, haisaidii simu isiyoshika. Kuwagawa watu kungewapeleka wenye nguvu upande mmoja na kuwaacha wanaohitaji msaada upande mwingine.

Njia ya nne ilikuwepo pia, ya kubaki uwandani na kufuata njia ya gari inayoelekea ndani kwenye vitongoji vingine. Hiyo ningeitumia kama mtu angeumia mguu, kwa sababu gari linaweza kufika. Kwa watu wenye afya njema ingekuwa kutembea mbali zaidi kwenye upepo, halafu kutafuta usafiri wa kurudi.

Mjomba alikuwa kimya muda wote. Dada alimgeukia, nadhani akitumaini kuungwa mkono. "Mjomba, wewe wasemaje?" Naye akajibu: "Nyie mlikubaliana jana usiku mezani, hakuna upepo, mmeshiba. Leo mko ndani ya upepo. Mimi nafuata ya jana." Kisha akamwita mdogo, "Mjukuu, twende ukanionyeshe zile alama za njano," na mjadala ukaisha.

Tulirudi kwa Jonte. Niongeze jambo moja ambalo watu hulikosea kuhusu upande uliokingwa: upepo unaopita juu ya uwanda ukifika ukingoni humwagika na kujizungusha, kwa hiyo hata kusini kuna mapigo yanayotoka juu au hata kukusukuma kuelekea bondeni. Tulitembea mbali na ukingo kila tulipoweza, mtoto mdogo akiwa ndani, upande wa ukuta. Karibu na Capluc tulivuta pumzi. Kwa mbali, upande wa pili wa korongo, tulisikia mbwa na bunduki; ni msimu wa kuwinda nguruwe pori, na tulifurahi kwamba watoto walikuwa wamevaa rangi kali. Saa kumi na nusu tulikuwa kijijini.

Dada hakuridhika siku ile, na alikuwa na haki yake. Mwezi Mei uliofuata yeye na rafiki yake walirudi na kutembea upande wa Tarn, siku ya utulivu, wakianzia bondeni asubuhi kama alivyotaka tangu mwanzo. Alinipigia simu jioni. Sehemu kubwa, alisema, imo ndani ya miti, na kwa maoni yake tungeweza kuipita siku ile ya Oktoba. Nilimuuliza kuhusu zile nyingine. Kuna mahali pawili, akasema, ambapo kijia kinatoka msituni na kukunja kona ya mwamba, upana wa miguu miwili, na upepo wa magharibi ungekupiga kifuani unapokunja. Hapo angemtuma mtoto mkubwa. Mdogo, hapana.

Kwa hiyo hatukubaliani bado. Yeye anahesabu sehemu kubwa iliyo salama, mimi nahesabu kona mbili. Tumepanga kwenda wote tena, na safari hii tutaanza na Tarn, asubuhi, siku ambayo utabiri wa mchana hauzidi kilomita 30, kwa kuwa sasa miguu ya watoto tunaijua.